Kadi ya Kliniki Tuliyoifungia Sandukuni

Nje ya soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuna kijana mwenye mzani mdogo wa kukanyaga, kauweka juu ya kipande cha ubao pembezoni mwa njia. Unampa sarafu, unapanda, anainama kusoma, kisha anatangaza. Wiki chache zilizopita nilikuwa pale nikisubiri bajaji ya Soweto, akapanda mama mmoja aliyetoka kununua parachichi. "Themanini na tatu!" kijana akasema, kwa sauti ile ile anayoitia wateja. Wauza ndizi wawili wakageuka. Mmoja akasema, "Hongera mama, baba anakutunza." Mwenzake akadakia, "Punguza shoga yangu, presha hiyo inakuja." Yule mama akashuka, akajitwika kapu lake, akaenda zake bila kusema neno. Kwa kilo zile zile alipewa hongera na karipio kwa mpigo, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili litakalomsaidia afikapo nyumbani.

Tukio lile limenikaa moyoni kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyoishi na uzito wetu. Tunapima mara moja kwa mwaka, kwa bahati tu, tukiwa na sweta na viatu, mbele za watu. Tunapewa namba moja, tunaichekelea au tunaionea haya, kisha tunaisahau mpaka siku gauni la harusi litakapokataa kufunga zipu. Na kinachonisikitisha ni kwamba njia bora kuliko hiyo tulishafundishwa. Tulifundishwa kliniki, tukiwa na watoto mgongoni.

Kila mama wa huku kwetu anaijua shughuli ile. Mtoto anavuliwa nguo zote, anavalishwa chupi ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mzani, analia hadi banda zima linasikia. Muuguzi anasoma kilo, anatia nukta kwenye kadi, anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Halafu, kabla hajasema lolote, anautazama mstari. Kadi zile tulizozitumia zamani zilikuwa na rangi: kijani, kijivu na nyekundu. Lakini muuguzi mwenye uzoefu hakuishia kwenye rangi. Mtoto aliyekuwa kwenye kijani, mstari wake ukilala miezi miwili mfululizo, mama yake aliitwa pembeni: anaharisha? Umemwachisha ziwa? Uji unamwekea nini? Na mtoto aliyekuwa kwenye kijivu lakini mstari unapanda, mama yake alipongezwa. Kilo za siku ile peke yake hazikumtosha muuguzi kusema jambo.

Angalieni busara iliyomo humo. Mzani ni ule ule, siku inajulikana, mtoto hana nguo, jibu linaandikwa, na mazungumzo yanahusu mwelekeo. Hakuna anayemcheka mtoto kwa kilo zake. Mtoto akitimiza miaka mitano tunaichukua kadi ile tunaifungia sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kuanzia hapo mtu huyo hana mstari tena maisha yake yote, isipokuwa awe mjamzito au alazwe. Mimi nasema tuitoe kadi sandukuni. Mtu mzima naye anahitaji mstari wake, na anahitaji kusomewa kwa upole ule ule.

Najua kwa nini hatufanyi hivyo. Kwetu, kilo zina historia inayouma. Mikoa yetu hii ya nyanda za juu kusini ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa UKIMWI kuliko mingine Tanzania Bara, na bado inaubeba: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Anayekumbuka miaka ya tisini, kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure mwaka 2004, anakumbuka jinsi tulivyokuwa tukikagua mashavu ya jirani na mikono ya shemeji. Mtu akipungua kilo tatu, mtaa ulishamzika. Nina shangazi yangu Iringa ambaye mpaka leo nikifika, baada ya kusalimiana "kamwene", kitu cha kwanza ni kunishika mkono juu ya kiwiko na kuubonyeza. Akiukuta umejaa, anashusha pumzi. Siwezi kumlaumu. Alizika watoto wawili, na wote walianza kwa kukonda.

Basi macho yetu yalifunzwa kuangalia upande mmoja tu. Kushuka ni hatari, kupanda ni neema. Ndiyo maana mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, amependeza, mji umemkubali. Mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri leo ana mwili kama wa mtu yeyote, na baadhi ya dawa za sasa zinahusishwa hata na kuongezeka uzito (jambo la kuzungumza na daktari, kamwe si sababu ya kuacha dawa). Dunia imebadilika, jicho halijabadilika.

Kuna na jambo la msimu. Bibi zetu walinenepa na kukonda kwa kalenda. Mahindi yakivunwa katikati ya mwaka, ghala likijaa, mwili nao ulijaza. Ikifika Januari hadi Machi, chakula kimepungua, kulima na kupalilia kumepamba moto, mwili ulitumia akiba yake. Hakuna aliyehitaji mzani kwa sababu jembe lilikuwa linafanya kazi hiyo. Sisi tuliohamia mjini tumebaki na mavuno mwaka mzima, na palizi hakuna. Kutoka Kabwe hadi Soweto ni mwendo mfupi, lakini tunapanda bajaji. Chai ya asubuhi ina sukari vijiko vitatu, ya saa nne vitatu, ya jioni vitatu. Vijiko hivyo tisa vya chai ni karibu gramu 36, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25 kwa siku tukitaka kuwa salama zaidi. Hapo sijahesabu soda, ambayo chupa yake moja inakaribia kiasi hicho hicho cha vijiko tisa, wala chipsi mayai za usiku.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko wengine. Huku ndiko kwenye mahindi, viazi, maziwa, maharage na ndizi za Tukuyu, na huku huku ndiko kwenye udumavu mkubwa wa watoto: utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wafupi kuliko umri wao. Watu hulitaja jambo hili kama habari ya watoto. Lakini mtoto aliyedumaa hukua akawa mtu mzima mfupi, na mwili uliozoea upungufu tangu tumboni huwa mwepesi kupata kisukari na presha ukikutana na wingi ukubwani. Chukua wanawake wawili, kila mmoja ana kilo 66. Mmoja ana urefu wa mita 1.70, mwingine mita 1.48. Gawa kilo kwa urefu mara urefu: wa kwanza anapata karibu 23, yuko salama kabisa, kwa kuwa wigo mzuri ni 18.5 hadi 25. Wa pili anapata 30, mahali ambapo wataalamu wanaanza kuita unene uliokithiri. Pale Mwanjelwa wote wawili wangetangaziwa "sitini na sita" na wauza ndizi wasingekuwa na la kusema.

Hesabu hiyo nayo isiabudiwe. Msingi wake uliwekwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet karne ya 19, naye alikuwa akitafuta sura ya wastani ya watu wengi, hakuwa akimtibu mgonjwa. Haitofautishi misuli ya mbeba magunia wa Uyole na mafuta ya mtu wa ofisini. Ndiyo maana ninapenda utepe wa fundi cherehani uwepo nyumbani pamoja na mzani. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, mafuta yamejikusanya tumboni, kuzunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayoleta maradhi haraka kuliko ya mapajani.

Turudi kwenye nukta moja na uongo wake. Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja bila gramu hata moja ya mafuta kuongezeka. Ukinywa lita moja ya maji, umeongeza kilo moja hapo hapo. Ukila chakula chenye chumvi nyingi jioni, mwili unashikilia maji mpaka kesho. Akiba ya wanga inayokaa kwenye misuli na ini hukaa na maji yake, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, kwa hiyo anayeacha ugali ghafla anapungua haraka wiki ya kwanza na kudhani amepata muujiza, na siku akila tena kilo zinarudi usiku mmoja. Wanawake wengi huvimba kidogo wanapokaribia hedhi. Na baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya inatuvika sweta, kitenge na viatu vizito, kilo mbili nzima za nguo.

Hapa ndipo wauzaji wa majani ya "kukata tumbo" wanapopata riziki. Mengi ya majani hayo ni dawa za kuendesha. Unakwenda chooni mara sita, unapanda mzani, umepungua kilo na nusu, unatuma ushuhuda kwenye kundi la WhatsApp. Ulichopoteza ni maji, chumvi za mwili na fedha yako. Vivyo hivyo wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni. Mwenye nukta moja hawezi kuugundua ulaghai huo. Mwenye mstari wa miezi mitatu anaugundua siku ya nne.

Sasa, je, kujipima mara kwa mara kunasaidia kweli, au ni kujitesa? Swali hili limechunguzwa, na utafiti mmoja ulinigusa kwa sababu uliniletea kadi ya kliniki mbele ya macho. Marekani, timu iliyoongozwa na Rena Wing iliwachukua watu 314 waliokuwa tayari wamepunguza walau sehemu ya kumi ya uzito wao, ikawafuatilia miezi 18 kuona nani atarudia unene. Kundi moja lilitumiwa majarida tu. Makundi mengine mawili yalifundishwa, moja ana kwa ana na jingine kupitia intaneti, kujipima kila siku na kujua wako katika rangi gani: kijani, njano au nyekundu. Aliyekuwa kijani, hajaongeza hata kilo moja na nusu, alitumiwa zawadi ndogo ya kumtia moyo. Wa njano alitakiwa arekebishe kitu. Aliyeongeza zaidi ya kilo mbili na robo aliingia nyekundu, na hapo alishauriwa kurudia mbinu zile zile zilizompunguza mwanzoni. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Katika kundi la majarida, 72 kati ya kila 100 waliongeza kilo mbili na robo au zaidi. Katika kundi la ana kwa ana walikuwa 46.

Kilichofanya kazi pale ni kuwahi. Kilo mbili unaziona zikiwa mbili. Kuzirudisha kunahitaji mambo ambayo mtu wa kawaida anayaweza: kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, sahani ianze na maharage na mboga ndipo ugali ufuate, na bajaji iachwe kwa safari fupi. Lakini anayekuja kushtuka akiwa na kilo 15 za ziada anajikuta anahitaji kitu kikubwa, na kitu kikubwa ndicho kinachoshinda watu. Anafunga kula. Anaishi kwa matango na maji ya limao. Wiki ya tatu anaanguka, anakula kwa hasira, anajiita mvivu.

Huyo si mvivu, na ningependa tulielewe hili vizuri. Mwaka 1944 na 1945, chuo kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume wenye afya njema waliojitolea, kwa miezi sita, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa vijana timamu, wenye nia thabiti. Wakageuka watu wa kuwaza chakula mchana kutwa, wenye hasira, baridi na huzuni. Baadhi yao walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Walipoachiwa kula, wengine walikula kupita kiasi na bado wakasema wana njaa. Mwili unaolazwa njaa unapigania uhai wake, na hauna habari kwamba wewe unataka tu gauni likukae. Kwa hiyo anayejinyima kupita kiasi kisha akashindwa ameshindwa na maumbile yale yale yaliyowavusha bibi zetu miezi ya njaa.

Hili linanirudisha kwa wale wauza ndizi, ambao sina ugomvi nao, maana na mimi nimeshasema maneno kama yao. Tunapomwita mtu "bonge" mbele ya watu, au tunapomsifu binti aliyepungua bila kujua amepunguaje, tunaugeuza mzani kuwa kiti cha mahakama. Mtu akishaiona namba kama hukumu, atafanya mambo mawili: atakwepa kupima kabisa, au atapima mara tano kwa siku huku moyo unamwenda mbio. Yote mawili yanaua mstari. Wapo watu ambao ningewasihi waachane na mzani wa nyumbani: aliyewahi kujitapisha au kujinyima chakula hadi kuugua, na binti anayekua ambaye mwili wake unatakiwa kuongezeka. Mjamzito mzani wake uko kliniki, asome na muuguzi.

Na lile jicho la shangazi yangu, la kuogopa kukonda, lisitupwe. Lina haki yake. Mtu mzima anayeshuka kilo mwezi baada ya mwezi bila kubadili chakula wala kazi aende hospitali. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, homa za jioni na jasho la usiku pamoja na kupungua ni dalili za kifua kikuu mpaka ipimwe ionekane vinginevyo. Kiu isiyokatika na kukojoa kila saa pamoja na kupungua ni kisukari kinabisha hodi. Tofauti ni kwamba mwenye mstari wake haangalii mashavu kwenye kioo akabahatisha. Anamfungulia daktari daftari: mwezi wa nne nilikuwa hapa, wa tano hapa, wa sita hapa. Nimewahi kukaa mbele ya daktari mmoja aliyeniuliza nimepungua tangu lini, nikajibu "tangu siku nyingi", na nikaona kalamu yake ikisita hewani. Sikuwa na cha kumpa.

Tangu hapo nina daftari. Ni la shule, la kurasa 40, nimechora mistari kwa rula kama ile ya kliniki. Napima Jumamosi asubuhi, nimetoka chooni, sijanywa chai, nimejifunga kanga moja, mzani ukiwa sakafuni kwenye saruji mahali pale pale, maana kwenye zulia unadanganya. Naandika kilo na nusu yake, kiuno naandika mara moja kwa mwezi. Pembeni naweka neno moja au mawili la yaliyotokea: harusi, homa, mvua, msiba. Maneno hayo yamenifundisha kuliko namba. Nimegundua kwamba mimi sinenepi Desemba kama nilivyodhani. Nanenepa Juni, baridi inapoingia, ninapoacha kutembea jioni na kuongeza chapati kwenye chai.

Mstari wangu ulianza kwenye 79. Sasa umekaa kati ya 73 na 74, na imechukua karibu miaka miwili. Binti yangu wa mwisho hunichungulia ninapoandika, na siku moja aliitoa kadi yake ya kliniki akailaza pembeni ya daftari langu. Mstari wake ulikuwa na bonde refu la miezi minne, alipougua surua. Akaniuliza, "Mama, hapa ulifanyaje?" Nikamwambia nilimwongezea karanga na maziwa kwenye uji, nikampeleka kwa muuguzi kila mwezi, nikangoja.

Jumamosi iliyopita nilikuwa 75 na nusu. Pembeni nimeandika: "msiba Tukuyu, siku tano". Nimeacha bajaji ya jioni, nimerudisha sukari kwenye kijiko kimoja, na ukurasa nimeuacha wazi mezani kungoja Jumamosi nyingine mbili.